Shaba haondoki bila Marashi

Swali

Ndugu washauri, salaam. Mimi ni mtunza farasi huku Kigamboni, upande wa kuelekea Kimbiji. Ninatunza farasi wawili wa tajiri yangu: Marashi, jike wa miaka 11, na Shaba, dume aliyehasiwa, wa miaka 7. Walikuwa watatu. Miezi minne iliyopita mmoja aliuzwa akapelekwa Arusha, na tangu siku hiyo hawa wawili wamekuwa chanda na pete.

Kazi ya Shaba ni kubeba watoto ufukweni siku za mapumziko, na mara chache kumpeleka bwana harusi ukumbini. Zamani alitoka peke yake bila shida. Sasa nikimtoa getini, akifika kama hatua 30, kwenye mwembe, anainua shingo, anaganda, halafu analia sauti inayosikika mtaa mzima. Marashi anamjibu kutoka ndani. Baada ya hapo Shaba hanisikii tena. Anazunguka, ananisukuma kwa bega, anaharisha njiani, na mara mbili amenikokota kurudi. Wiki iliyopita alinikanyaga, ukucha ukatoka. Marashi naye hukimbia kandokando ya uzio hadi jasho linatiririka. Amejichana kifua kwenye senyenge, akashonwa nyuzi sita.

Tumejaribu tulichoweza. Nilimchapa Shaba kwa fimbo aende mbele, akazidi. Tukaambiwa tuwatenganishe kabisa wazoee, tukampeleka Marashi banda la jirani siku mbili. Hakula, na usiku wa pili tumbo likamsokota, tukamwita daktari wa mifugo saa 8 usiku. Tukawarudisha pamoja. Mtu mmoja akanishauri nimbane Shaba pua kwa kamba iliyosokotwa kwenye kijiti ndipo nimtoe. Sijafanya, moyo umekataa.

Tajiri amepokea kazi ya harusi, wiki tatu kutoka leo. Shaba ambebe bwana harusi kutoka barabara kubwa hadi ukumbini, matarumbeta yakiwa mbele. Anasema huu ni ukaidi tu, farasi amedekezwa. Je, ni ukaidi? Nianzie wapi? Wiki tatu zinatosha? Na Marashi nimfanyeje? Nina uwanja wa mchanga nyuma ya banda, kijana mmoja wa kunisaidia, na saa moja na nusu kila asubuhi.

Saisi, Kigamboni

Jibu

Ndugu saisi, pole sana kwa mguu, na umefanya vyema kuukataa huo ushauri wa kumbana pua. Kibano hicho madaktari hukitumia kwa dakika chache farasi anaposhonwa au kutibiwa. Hakimfundishi mnyama kutembea, na farasi anayekokotwa huku pua imebanwa anaweza kukurushia miguu ya mbele kichwani.

Tuanze na lenye tarehe. Wiki tatu hazitoshi. Mwambie tajiri achague moja kati ya mawili: ama Marashi aende harusini pamoja na Shaba, akiongozwa na mtu wa pili, ama kazi irudishwe sasa hivi wenye shughuli wapate muda wa kutafuta usafiri mwingine. Farasi anayeganda hatua 30 kutoka nyumbani asubuhi tulivu hawezi kuwekwa nyuma ya matarumbeta na vigelegele, mtu mgeni akiwa mgongoni na watoto wakikimbia miguuni pake. Mpangilio wa siku hiyo, ikiwa mtakwenda na wote wawili, tutaurudia mwishoni.

Sasa hilo la ukaidi. Farasi ni mnyama wa kundi na ni windo. Porini, aliyebaki peke yake ndiye anayeliwa. Katika kundi hulala kwa zamu, mmoja akisimama kulinda wengine wakijinyoosha chini. Kila farasi wenu hapo alikuwa na walinzi wawili, sasa amebakiwa na mmoja. Na fikiria walichokiona wenyewe: mwenzao alitolewa kwenye geti hilohilo, akapakiwa, hakurudi. Hakuna namna ya kumweleza farasi habari za kuuzwa. Analolijua Shaba ni kwamba anayepita getini hupotea. Kuhara kwake njiani ni woga, utumbo unasukuma haraka kwa sababu mwili umejiandaa kukimbia. Fimbo ikaongeza jambo la pili kwenye somo hilo, kwamba nje ya geti kuna maumivu pia. Na zile siku mbili kwa jirani zilimthibitishia Marashi kila alichokihofia.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuwaonesha, mara mia na mia nyingine, kwamba anayetoka hurudi, na kwamba hurudishwa akiwa bado ametulia.

Kabla ya kugusa kamba, angalieni mwili. Farasi mwenye maumivu hung'ang'ania mwenzake zaidi, na hakuna mazoezi yatakayomtoa humo. Daktari wa mifugo aangalie meno, kwato na mgongo chini ya tandiko. Wewe mwenyewe unaweza kupitisha vidole kwa mkandamizo wa wastani pande zote mbili za uti wa mgongo. Akizamisha mgongo au akilaza masikio kila unapofika mahali palepale, tandiko linambana. Kisha tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, awe amekula au hajala, ndiyo maana anayekaa saa nyingi bila majani hupata vidonda. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku, yakigawanywa ili mdomo usikae bure zaidi ya saa nne au tano. Nusu saa kabla ya mazoezi mpe Shaba kama kilo moja. Majani hayo hukaa juu ya asidi na kuizuia isirukie sehemu ya juu ya tumbo anapotembea. Maji yawepo muda wote. Lita 40 kwa siku ni jambo la kawaida, na siku za joto na jasho anaweza kuvuka 60. Chumvi vijiko viwili vikubwa kwa siku, na zaidi kidogo miezi ya Desemba hadi Machi.

Jifunze pia kupima mapigo ya moyo. Chini ya mfupa wa taya kuna mshipa unaoteleza kama uzi mnene. Weka vidole viwili, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Akiwa bandani ametulia, Shaba atakuwa kati ya 28 na 44. Andika kwenye daftari wiki nzima. Wapo farasi wanaosimama kimya kama mti huku moyo unakwenda 80, na hapo namba itakuambia kile ambacho macho hayakioni. Akiwa amepumzika kivulini na mapigo bado yamezidi 60, au joto la mwili limepita nyuzi 38.5, siku hiyo hakuna mazoezi. Piga simu kwa daktari.

Senyenge iondoke wiki hii, kabla ya jambo lolote jingine. Marashi atakimbia tena kandokando ya uzio, hilo lihesabu. Mirunda mitatu ya kulala juu ya nguzo imara, wa juu kabisa ukiwa mita 1.3 au zaidi kutoka ardhini, inatosha. Kama fedha haipo kwa uzio wote, anzeni na upande anaokimbilia.

Vifaa ni vichache: hatamu ya kamba isiyo na lijamu (kile chuma cha mdomoni), kamba ya pamba ya kuongozea yenye mita 3.5, glavu, kofia ngumu, na viatu vigumu vilivyofunika vidole. Kandambili ndizo zilizokuchukulia ukucha, kama tunavyodhani. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje mikunjo mirefu ndani ya kiganja, ili akishtuka iponyoke bila kuondoka na vidole vyako.

Wiki ya kwanza mazoezi hayatoki getini kabisa. Kazi iwe kwenye uwanja wa mchanga, Marashi akionekana, akila majani yake upande wa pili wa uzio, na isizidi dakika 20. Shaba anahitaji kujua mambo manne kiasi kwamba akiombwa kidogo anafanya.

La kwanza ni kutembea na kusimama ubavuni mwako, kamba ikining'inia kati ya mkono wako na kidevu chake. Simama usawa wa bega lake, urefu wa mkono mmoja kutoka kwake. Mbele kabisa ya paji la uso hakuoni vizuri, na ndiko atakakorukia akishtuka. Mfundishe kuongozwa kutoka kushoto na kutoka kulia vilevile, utaona sababu tukifika barabarani.

La pili ni kurudi nyuma, na hili ni dawa ya lile bega linalokusukuma. Tikisa kamba kidogo upande kwa upande, piga hatua moja kuelekea kifua chake. Akihamisha uzito tu kwenda nyuma, acha kutikisa papo hapo. Kesho utapata hatua moja, keshokutwa mbili. Hatua mbili au tatu zinatosha. Ukimrudisha uwanja mzima inakuwa adhabu.

La tatu ni kuhamisha kiuno. Ukiwa begani, leta pua yake kidogo upande wako, tazama nyonga yake, na umguse kwa ncha za vidole ubavuni, pale kisigino cha mpandaji kinapogusa. Unachotafuta ni mguu wa nyuma ulio karibu nawe uvuke mbele ya mwenzake. Mara moja, kisha mwache asimame. Farasi aliyevusha miguu ya nyuma hawezi kuruka mbele kwa nguvu zake zote, kwa hiyo hili ndilo litakalokuokoa siku ya hatari. Usigeuze mchezo wa kumzungusha kama pia. Kuzungushwa mara kumi kunampandisha moto, na wewe unaishia umepata kizunguzungu cha bure.

La nne ni kushusha kichwa. Kichwa cha farasi kikipanda, mwili wote uko kwenye tahadhari. Weka mkono mmoja utosini, nyuma ya masikio, na mwingine uvute kamba chini kwa uzito wa embe bichi moja, si zaidi. Subiri. Akishuka hata upana wa kidole, achia vyote viwili. Rudia hadi pua ifike usawa wa magoti yake na abaki huko sekunde kadhaa kwa hiari yake.

Katika yote manne, wengi wanaharibu mahali pamoja, kwenye kuachia. Farasi hasomi mvuto, anasoma ule wakati mvuto ulipokoma. Ukichelewa sekunde mbili au tatu, utakuwa umemlegezea akiwa ameshaanza kuinua kichwa tena, na hicho ndicho alichojifunza. Kosa la pili ni kumshika karibu na kidevu, kamba imekaza muda wote, kwa kuogopa atakimbia. Kamba inayokaza muda wote haina tena la kusema, na yeye mwenyewe anaona kweli kuna jambo la kuogopa, maana hata mtu wake ameng'ang'ania. Akifanya yote manne kwa wepesi siku tatu mfululizo, fungua geti.

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, ndugu saisi. Unasema anaganda hatua 30. Basi hatua 30 usizione kwa sasa. Anza na 10. Na usihesabu hatua tu, msome yeye, kwa sababu kuganda hakuanzii mwembeni. Kwanza sikio moja linabaki limeelekea kwa Marashi. Halafu anaacha kutafuna. Hatua zinakuwa fupi, kidevu kinakaza, tundu za pua zinapanuka, shingo inapanda. Kulia kunakuja mwisho kabisa. Wewe unageuka kwenye dalili ya kwanza au ya pili: simama, mwombe kichwa kishuke, subiri apumue kwa nguvu puani au alegeze shingo, ndipo umgeuze wewe mwenyewe na mrudi taratibu. Hujamsubiri aombe kurudi, umemrudisha. Mkifika karibu na geti msiingie. Geukeni tena mwende. Mara tano au sita, kisha ndani, imetosha kwa siku hiyo.

Utakosea kipimo, kila mtu hukosea. Ukijikuta ameshalia na ameshaanza kuvuta, usirudi naye mbio, maana umemlipa kwa kuvuta. Wala usimkaze aende mbele, maana hapo hasikii. Baki hapohapo au sogea kando hatua mbili tatu, omba kiuno mara moja, omba kichwa, na pale anapolegea hata kidogo, rudini kwa hatua za polepole. Safari inayofuata iwe nusu ya ile.

Umbali usipande kama ngazi. Hatua 10, kisha 14, kisha 8, 16, 6, 12. Ikiwa kila safari ni mbali kuliko iliyotangulia, atagundua haraka kwamba kila kutoka ni kubaya kuliko kwa jana. Mkishafika mwembeni, weka ndoo ya majani anayoyapenda, ale hapo dakika mbili tatu. Ndoo hiyo ni kipimo pia. Farasi anayekataa chakula akipendacho amepita uwezo wake, rudisha umbali.

Utasikia ushauri wa kumkimbiza sana akiwa karibu na mwenzake na kumpumzisha akiwa mbali, achague mwenyewe kwenda mbali. Mantiki yake ipo, lakini hatuupendi, na kwa Dar es Salaam hatuupendi mara mbili. Kukimbizwa kwa duara kunampandisha mori mnyama ambaye tatizo lake tayari ni mori, na joto na unyevu wa hapa vinamchosha kabla hajajifunza. Chukua sehemu nyepesi tu ya wazo hilo: yale mambo manne myafanye karibu na geti, kupumzika na kula kuwe mwembeni.

Marashi ni nusu ya tatizo na mnamsahau. Kila akilia, Shaba anaitwa. Majani yake yawekwe kabla Shaba hajatoka, asipewe baada ya kuanza kulia. Yule kijana akae naye, ampige brashi, na akupungie mkono mara tu Marashi anapoacha kula. Hapo Shaba amekwenda mbali mno, hata kama yeye Shaba ametulia tuli. Siku nyingine badilishaneni, Marashi atoke na Shaba abaki. Tena Shaba atolewe hata kwa mambo madogo yasiyo na safari: kuoshwa nje ya geti, kula nje, kupigwa msasa kwato nje. Na wakikutana tena, pasiwe na sherehe. Msimamishe nje ya banda dakika kumi, mpige brashi, ndipo aingie. Chakula kikubwa kisimngoje nyumbani, la sivyo atakuwa na sababu mbili za kukukokota.

Baada ya hapo ni kupotea machoni. Zunguka naye kona ya banda kwa sekunde 3, rudi. Kisha 5, 10, 20, nusu dakika, dakika, mbili. Wataitana, na mlio mmoja wenye jibu si msiba. Unachokitazama ni kama baada ya mlio anashusha shingo au anaipandisha. Hatua hii ndiyo inayochukua siku nyingi kuliko zote, na ukiifanya kwa pupa utairudia yote.

Kutembea nje kuanze na wote wawili, wewe na Shaba, kijana na Marashi. Kuhusu saa, huku pwani kuna mvutano wa mambo mawili. Joto linakutaka utoke alfajiri, lakini ugonjwa hatari uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, na usubi huuma zaidi kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Subirini jua litoke kabisa, muwe njiani kati ya saa 12:45 na saa 2:30 asubuhi, mkiwa mmewapaka dawa ya kufukuza wadudu. Jioni wawe ndani kabla giza halijaingia. Miezi ya mvua na baada yake mkazo uwe zaidi.

Njia ichagueni fupi na ya mzunguko, ili kurudi kusiwe kwenye njia ileile. Tembeeni sambamba kwanza. Halafu Shaba atangulie urefu wa farasi wawili, Marashi ampite, Shaba ampite tena. Achieni pengo likue hadi hatua 20, 40. Siku zikifika, penye njia panda Marashi apite kushoto na Shaba kulia, mkutane upande wa pili baada ya dakika moja. Hapa farasi anajifunza jambo ambalo geti la nyumbani haliwezi kumfundisha, kwamba hata asiporudi nyuma atamkuta mwenzake mbele.

Barabarani tembea upande wa kushoto pamoja na magari, wewe ukiwa kati ya farasi na magari, yaani upande wake wa kulia. Ndiyo maana ya kufundisha pande zote mbili. Vaa kizibao chenye reflekta. Bodaboda wengi hupiga honi wakidhani wanakusaidia, kwa hiyo inua mkono mapema, na kijiwe kilicho jirani nenda kawaambie siku moja kabla. Watakuelewa ukiwaeleza kwamba farasi akiruka, pikipiki ndiyo itakayoumia.

Ufukweni nendeni asubuhi ambazo maji yanakupwa, kamwe si yanapojaa. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, bahari ya hapa hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na ukanda uliokuwa mpana unaweza kubanwa na ukingo kabla hamjageuka. Tembeeni kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Mchanga mkavu unaozama hukaza kano za miguu, na dakika tano zake ni kazi kubwa kuliko zinavyoonekana. Mkirudi, waosheni chumvi miguuni kwa maji baridi.

Mambo yakiharibika, kumbuka haya. Akiganda, usivute mbele, kwa sababu atakushinda kwa uzito. Elekeza pua kando, akivunja hatua moja tu ya kando mmekwishatoka kwenye mgando. Akisimama kwa miguu ya nyuma, legeza kamba, hamia ubavuni, wala usimvute chini, maana anaweza kuanguka chali. Akiamua kukimbia kweli, achia. Kilo 400 hazishikiki, na anajua nyumbani. Kwa sababu hiyo wiki za mwanzo kijana abaki karibu na geti, barabara kubwa iwe mbali.

Kupandwa bila Marashi kuwapo kutangojea mpaka Shaba atembee dakika 20 bila kumwona Marashi, kamba ikiwa imelegea, katika siku tano tofauti. Kwanza mtu mzima mzoefu juu na wewe chini na kamba, baadaye yeye peke yake. Watoto ni wa mwisho kabisa, na daima farasi akiwa ameshikwa na mtu wa chini. Tajiri ataulizia mapato, tunajua. Kwa sasa watoto wabebwe farasi wote wawili wakiwa ufukweni pamoja, mmoja anabeba, mwingine amesimama kivulini na majani. Huo ni mpango mzuri hata wa kudumu.

Hesabu miezi miwili hadi mitatu, ukifanya kazi siku tano au sita kwa wiki. Mkikatizwa na masika wiki mbili, mnarudia nusu ya umbali mliokuwa mmefikia, na watafika tena upesi kuliko mara ya kwanza. Dawa za kutuliza zibaki mikononi mwa daktari, kwa kusafirisha au kutibu. Farasi aliyelewa dawa hajifunzi, na bado anaweza kulipuka ghafla.

Kama kuna uwezekano, ongezeni mwenzao wa tatu. Si lazima awe farasi. Punda au mbuzi mpole hutosha kumfanya anayebaki asiwe peke yake. Punda apewe kwanza dawa ya minyoo kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu hubeba minyoo ya mapafu bila kuonesha dalili na anaweza kuwaambukiza farasi. Mgeni akae upande wa pili wa uzio wiki moja hivi kabla ya kuchanganywa. Mazoezi yaendelee hata hivyo, la sivyo Shaba atawang'ang'ania wawili.

Sasa siku ile ya harusi, ikiwa tajiri atachagua kwenda na wote. Hakikisheni Marashi naye ameshasikia matarumbeta. Kuanzia leo chezeni rekodi kwa spika, ianze chini sana wakati wa kula, mbali na banda, ipande kidogo kidogo kadiri wanavyoendelea kutafuna. Siku yenyewe fikeni saa nzima kabla ya wapigaji, muwatembeze njia yote mara mbili, kwenda na kurudi, hadi mlango wa ukumbi. Waombeni wapigaji wakae hatua 30 mbele na waanze kupiga wakiwa wanaondoka, maana sauti inayokwenda mbali inavumilika kuliko inayokuja. Marashi atangulie kidogo ubavuni mwa Shaba, kila mmoja na mtu wake, na bwana harusi aelezwe mapema kwamba ukimwambia ashuke, anashuka hapohapo bila kuuliza. Shughuli ikiisha, warudisheni pamoja, na getini waingie wote wawili kwa wakati mmoja.